KIFUNIKO CHA WAYA SI NGAO



Naomba nafasi katika gazeti letu hili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo. Kurasa hizi husema mara nyingi juu ya mishahara, likizo na nyumba, na ni haki kabisa, kwa sababu hayo ndiyo yanayotusumbua kila mwisho wa mwezi. Lakini mimi ni fundi wa umeme katika kazi ya reli, na leo nataka kusema juu ya kibati chembamba kinachopigiliwa ukutani juu ya nyaya za umeme kabla ya kupaka plasta.

Wale wasio mafundi wa umeme nawaeleza kwanza kitu hiki ni nini. Ni ukanda wa bati lililopakwa zinki, au wa plastiki, uliokunjwa kama mfereji mdogo. Pande zake mbili zina mabawa yenye matundu ya misumari. Kwa kawaida upana wake ni milimita 13, 25 au 38, na urefu wake mita 2. Kebo hulazwa ukutani, ukanda huu huwekwa juu yake, hupigiliwa, kisha mpaka plasta huja akafunika vyote. Mafundi hukiita kepingi. Mimi nitakiita kifuniko. Najua ya kuwa katika nyumba nyingi za Kenya nyaya hupitishwa ndani ya paipu za plastiki zilizozikwa ukutani, na hiyo ni njia njema, maana waya ukiharibika waweza kuvutwa na kutiwa mwingine. Lakini katika matengenezo ya majengo ya zamani, pale soketi inapohamishwa au swichi moja inapoongezwa, kebo hulazwa tu na kufunikwa. Sisi wa reli tuna majengo mengi ya zamani. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na toka siku hizo kuta zimetobolewa na kuzibwa mara nyingi.

Sasa nitasimulia jambo lililonifanya niandike.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukitengeneza ofisi ya stesheni moja ndogo ya bara. Kazi alipewa mkandarasi, nami niliwekwa pale kuiangalia kazi ya umeme na kuunganisha mwishoni. Mkandarasi alileta vibarua wake, na miongoni mwao alikuwapo kijana mmoja msaidizi, mtu wa bidii na mwenye adabu. Alilipwa kwa hesabu ya pointi, yaani kila swichi na kila soketi ilikuwa na bei yake. Asiyemaliza pointi hana pesa. Tena mpaka plasta alikuwa amekwisha koroga simiti, na simiti haimngoji mtu.

Kijana alikuwa akipigilia kifuniko cha bati juu ya kebo ya soketi. Misumari aliyopewa ilikuwa ya mbao, mirefu na laini, si ya ukuta. Jiwe lilikuwa gumu. Msumari mmoja ukainama, ukaingia chini ya bati. Niliuona kwa macho yangu mwenyewe. Kijana akanitazama, kama mtu anayeuliza. Mimi nikatazama jua linavyoshuka, nikamwambia, "Endelea, tumechelewa." Ndugu zangu, maneno hayo mawili ndiyo mzigo ninaoutua hapa leo.

Plasta ikapakwa, umeme ukaunganishwa, taa zikawaka, soketi ikafanya kazi, na kila mtu akafurahi. Hakuna aliyeipima kebo ile, wala mimi sikuipima. Baada ya miezi kadhaa karani alipiga msumari ukutani, juu ya soketi ile, apate kutundika kalenda. Hakusikia kitu, maana mpini wa nyundo yake ulikuwa wa mbao na viatu vyake vikavu. Siku chache baadaye mama mfagiaji aliosha sakafu, kisha akapangusa ukuta kwa kitambaa kibichi, naye hana viatu. Mkono wake ukagusa msumari wa kalenda. Umeme ukamtupa chini. Namshukuru Mungu hakufa, lakini vidole vyake viliungua, na mkono ule ulikaa majuma mengi bila nguvu.

Tulipobomoa plasta tukaona. Msumari ulioinama ulikuwa umetoboa ngozi ya kebo mpaka kwenye waya wenye moto, na ubavu wake umelibana bati. Kwa hiyo kifuniko chote, mita 2 nzima, kilikuwa na umeme wa volti 240 miezi yote ile, kimya kama nyoka majanini. Msumari wa kalenda ulipokigusa, nao ukawa na umeme. Fyuzi haikukatika, maana kifuniko cha bati kwa kawaida hakiungwi kwenye waya wa ardhi, na ukuta ulikuwa mkavu. Umeme haukuwa na njia ya kwenda mpaka ulipoipata njia, nayo ilikuwa ni mwili wa yule mama.

Basi wakubwa wakatafuta mwenye makosa, wakampata upesi. Yule kijana alifukuzwa, na pesa zake za pointi zile zikakatwa. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikabaki kazini. Mkandarasi alilipwa. Nilipoileta habari hii mbele ya wenzangu, ndugu mmoja alisema, "Huyo si mwanachama, si kazi yetu." Nilinyamaza mara ya pili. Leo sitanyamaza mara ya tatu.

Maoni yangu ni haya: kifuniko cha waya si ngao ya mtu. Ni kinga ya kebo kwa muda wa kazi tu, na kinga hiyo hutegemea kabisa namna kilivyofungwa. Kikifungwa vibaya, ni heri kisingewekwa. Na ikiwa tunataka kifungwe vizuri, hatuna budi kudai muda, vifaa na vipimo, tuache kumtafuta kibarua wa mwisho aliyeshika nyundo.

Nianze na hilo la ngao. Wengi wetu tunaamini ya kuwa bati likiwa juu ya waya, mtu akipiga msumari ukutani bati litauzuia. Huo ni udanganyifu. Bati lile ni jembamba mno, halitimizi hata milimita moja. Msumari wa simiti hulipita kwa pigo moja, na drili hulipita bila fundi kusikia. Kazi ya kifuniko ni kuikinga kebo na mwiko wa mpaka plasta. Mwiko una ncha na kingo kali, na mtu anayepaka ukuta mzima hawezi kukumbuka kila mahali kebo ilipo. Kifuniko huishika kebo isining'inie na huupisha mwiko juu yake. Plasta ikikwisha kukauka, kazi yake kubwa imekwisha. Anayemwambia mwenye nyumba, "Usihofu, waya una bati," anamdanganya, hata kama moyo wake ni mwema.

Sasa namna za kukifunga. Nimejifunza kwa kufanya na kwa kukosea, nami naziandika ili msaidizi asiye na wa kumfundisha azisome hapa.

Namna ya kwanza ni misumari. Ndiyo inayotumika zaidi, maana ni ya haraka na ya bei ndogo. Msumari uwe mfupi, wenye kichwa kipana, na uwe umepakwa zinki ili usishike kutu. Upite katika tundu la bawa tu, wala usipite ndani ya mfereji uliolala kebo, hata kama kebo yaonekana iko mbali. Mimi hupiga msumari mmoja kila baada ya futi moja hivi, mmoja bawa la kushoto, unaofuata bawa la kulia. Ikiwa ukuta ni wa mawe ya kuchongwa, kama yale ya Ndarugo, tafuta kiungo cha simiti kati ya jiwe na jiwe, maana hapo msumari huingia bila ugomvi. Ukiinama, usiupige zaidi. Ung'oe, utazame kebo kwa macho na kwa kidole, kisha upige mwingine mahali pengine. Msumari ulioinama ni shilingi chache. Nimewaeleza bei ya kuuacha.

Wako mafundi wasiotumia matundu. Hupiga msumari kando ya kifuniko na kuukunja juu ya ukingo wake. Mimi siipendi njia hiyo. Msumari ukikunjwa hukandamiza bati, na bati huibana kebo. Tena nyundo inayokunja msumari huanguka juu ya mgongo wa kifuniko mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Namna ya pili ni skurubu. Hii ndiyo inayofaa kwa nguzo na kuta za zege, mahali ambapo msumari huruka na kumrudia mtu usoni. Hutobolewa tundu kwa drili, hutiwa kizibo cha plastiki, kisha skurubu huingia humo. Hushika vizuri kuliko misumari, na hata baadaye yaweza kufunguliwa bila kupiga nyundo. Lakini hapa pana kosa kubwa ambalo nimeliona mara nyingi: fundi hulaza kebo kwanza, huweka kifuniko, ndipo hutoboa matundu kupitia katika mabawa. Drili ikiteleza kidogo tu, kebo imekwisha. Utaratibu ulio sawa ni huu: weka kifuniko kitupu ukutani, tia alama za matundu kwa penseli, kiondoe, toboa, pangusa vumbi, tia vizibo, ndipo ulaze kebo na kukifunga. Drili kwanza, kebo baadaye. Msaidizi aimbe maneno hayo mpaka ayaote usiku.

Namna ya tatu ni kukishika kwa madonge ya plasta au simiti laini. Kifuniko huwekwa mahali pake, na donge dogo hutiwa juu ya mabawa hapa na pale mpaka likauke. Njia hii hufaa katika kuta za zamani za Pwani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, maana mawe hayo hupukutika na msumari hauna pa kushika. Uzuri wake ni kwamba hakuna chuma kinachopigwa karibu na kebo. Ubaya wake ni kungoja. Donge lisipokauka, mwiko hukisukuma kifuniko na kebo yake pamoja. Kwa hiyo fundi wa umeme na mpaka plasta hawawezi kufanya ukuta mmoja siku moja. Mkandarasi mwenye haraka hataki kusikia habari hiyo, lakini ukuta haujui haraka yake.

Namna ya nne ni gundi ya ujenzi. Hufanya kazi juu ya ukuta mgumu, safi na mkavu. Juu ya vumbi, chokaa ya zamani au rangi inayobanduka, gundi hushika vumbi tu, na kifuniko huanguka usiku. Mtu akitaka kuitumia, apige ukuta brashi kwanza, tena aongeze misumari michache kwenye ncha.

Kwa kila namna hizo, yako mambo yasiyobadilika. Ukikata bati kwa msumeno, kingo zake huwa kama wembe. Pitisha tupa mpaka kidole kisikwaruzwe, maana kidole kikikatwa, kebo nayo itakatwa. Usijaze kebo nyingi katika kifuniko chembamba mpaka zibanwe. Mahali kebo inapoingia katika boksi la chuma, tia pete ya mpira katika tundu. Pwani, ambako hewa ina chumvi, mimi huona plastiki ni bora kuliko bati, maana bati lililokwaruzwa hushika kutu, na kutu huvimba na kupasua plasta. Tena plastiki haibebi umeme. Kama kifuniko cha ile stesheni kingalikuwa cha plastiki, msumari mmoja ulioinama ndio ungalikuwa na umeme, wala si ukanda wa mita 2.

Halafu kebo iwe na mfereji wake katika jiwe, uliochimbwa kwa tindo, ili kifuniko kisiinuke juu ya ukuta. Kikiinuka, plasta juu yake huwa nyembamba kama chapati, hupasuka, na mwenye ofisi huona mstari wa ufa kutoka soketi mpaka juu. Lakini tusichimbe kama wachimba kaburi. Kanuni za ujenzi za Uingereza huweka mpaka: mfereji wa kusimama usizidi sehemu 1 kwa 3 ya unene wa ukuta, na mfereji wa kulala usizidi sehemu 1 kwa 6. Kwa ukuta wa inchi 6 hiyo ni inchi 2 kwa ule wa kusimama, na inchi 1 kwa ule wa kulala. Ni kipimo chema kukumbuka, maana ukuta ule unabeba paa juu ya vichwa vya watu.

Sasa mtaniuliza: ikiwa kifuniko si ngao, mtu atalindwa na nini? Swali ni zuri, na jibu lina mambo matatu.

La kwanza ni njia ya kebo. Kebo ipande wima au ilale sawa, ikitoka kwenye swichi au soketi inayoonekana, isipite mshazari kama njia ya mbuzi. Kanuni za Waingereza za nyaya, ambazo zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1882 na toka mwaka 1992 zina namba BS 7671, hutaja mahali pa kupita: sambamba na swichi au soketi, wima au kwa kulala, au katika milimita 150 kutoka juu ya ukuta, au katika milimita 150 kutoka pembe ya kuta mbili. Sababu yake ni nyepesi. Mtu anayetaka kupiga msumari akiona soketi, atajua ya kuwa juu yake, chini yake na ubavuni mwake pana hatari. Fundi aliyepita mshazari ili aokoe mita moja ya kebo amemtegea mtego mtu asiyemjua. Na yule karani wetu hakuwa amefundishwa hata hilo. Alipiga msumari wake wima juu ya soketi, mahali pabaya kuliko pote.

La pili ni kina. Kebo iliyo ndani ya ukuta zaidi ya milimita 50 ni vigumu kufikiwa na msumari wa kawaida. Lakini katika kuta zetu nyingi hatuwezi kuchimba hivyo, kwa hesabu ile ile niliyoitaja. Ndiyo maana lipo la tatu.

La tatu ni swichi inayokata umeme unaovuja, ile yenye kitufe cha kujaribia kwenye boksi kubwa. Fyuzi hulinda waya usiungue, mtu haimlindi. Fyuzi ya ampia 30 yaweza kumtazama mtu akifa bila kukatika, maana umeme unaoweza kumuua ni sehemu ndogo sana ya hizo ampia 30. Swichi ninayoisema hutambua umeme unaovuja wa miliampia 30, yaani sehemu moja kwa elfu ya ampia 30, na hukata kwa muda ulio mdogo kuliko kupepesa jicho. Mwaka 2008, katika toleo la 17, kanuni zile za Waingereza ziliongeza ya kuwa kebo iliyofichwa ukutani chini ya kina cha milimita 50 bila kinga ya chuma ya kutosha iwekewe swichi ya namna hiyo katika majengo yanayotumiwa na watu wasio na ujuzi wa umeme. Stesheni yetu haikuwa nayo. Kama ingalikuwa nayo, mama yule angalishtuka, akapiga kelele, na kesho yake akaja kazini.

Tena liko jambo la nne ambalo halihitaji kununua ukuta mzima, nalo ni kupima. Iko mashine ya kupimia ya volti 500 ambayo mafundi huiita mega. Umeme ukiwa umezimwa, na vyombo vyote vimetolewa, kebo hupimwa kati ya waya na waya, na kati ya waya na ardhi. Ikipungua chini ya megaomu 1, kebo ina jeraha. Pima mara mbili: kifuniko kikiisha kufungwa kabla ya plasta, na tena plasta ikiisha kukauka. Kipimo cha kwanza humkamata fundi wa umeme, cha pili humkamata mpaka plasta, na hivyo hakuna wa kumsingizia mwenzake. Lakini nisiwafiche: katika kosa lile letu, waya wenye moto ulikuwa umegusa bati lisilounganishwa na kitu, na mega ikipima waya na ardhi tu yaweza isilione. Kwa hiyo kifuniko cha bati nacho kipimwe, mkono mmoja wa mashine kwenye bati, mwingine kwenye waya. Ni kazi ya dakika moja. Dakika hiyo sikuitoa.

Sasa niseme na wakubwa wa kazi, na baadaye niseme na sisi wenyewe.

Kwa wakubwa nasema hivi. Kulipa kwa pointi bila kulipa kipimo ni kununua makosa. Mtu anayelipwa kwa hesabu ya soketi ataongeza soketi, na mtu mwenye njaa hawezi kung'oa msumari ulioinama ikiwa kuung'oa kunamkata chakula cha jioni. Msitupe misumari ya mbao kwa ukuta wa mawe kisha mkatuuliza kwa nini imeinama. Msimlete mpaka plasta asubuhi ile ile. Na mtu akiumia, ulizeni kwanza nani alipanga kazi, nani alinunua vifaa, nani alitakiwa kupima, ndipo mfike kwa aliyeshika nyundo. Katika habari yangu walianzia mwisho, wakaishia hapo hapo.

Na kwetu sisi wanachama nasema hivi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu mahali popote pa kazi ambapo mtu yuko kazini, awe wa muda au wa kudumu. Haisemi "isipokuwa kibarua". Sheria hiyo pia inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye wajumbe wa wafanyakazi na wa mwajiri. Je, katika kituo chako kamati hiyo ipo? Imekaa mara ngapi? Mjumbe wako ni nani? Ikiwa hujui, basi na wewe umesema "Endelea, tumechelewa," kama nilivyosema mimi.

Tena tusiseme, "Huyo si mwanachama." Ukuta hauulizi kadi ya chama. Msumari ulioachwa na kibarua hungoja mkono wa mwanachama, na kebo iliyokatwa na mwanachama hungoja mtoto wa mtu mwingine. Yule mama mfagiaji alikuwa mwenzetu, na aliumizwa na kosa la mtu tuliyemwita wa nje, mbele ya macho ya mtu wa ndani ambaye ni mimi. Tukimwacha kibarua afanye kazi bila muda wala vifaa kwa kuwa si wetu, tunakaa katika nyumba aliyoifanya. Akufukuzaye hakwambii toka. Na hatari nayo haiji na barua.

Kwa hiyo nashauri tawi letu lipeleke madai manne, mafupi, yasiyo na maneno ya matusi. Kwanza, kila kazi ya nyaya za ukutani iwe na kipimo kabla ya plasta na baada yake, kiandikwe, na aliyepima atie sahihi. Pili, malipo ya mafundi na vibarua, hata wa mkandarasi, yahesabu muda wa kufunga na wa kupima, si pointi peke yake. Tatu, boksi za umeme katika ofisi na nyumba tunazokaa ziwekewe swichi ya kukata umeme unaovuja, kuanzia majengo ya zamani. Nne, mtu akiumia, mjumbe wa wafanyakazi awepo katika uchunguzi toka siku ya kwanza, kabla mtu yeyote hajafukuzwa.

Najua ndugu wengine watasema madai haya ni ya mafundi wa umeme tu. Nawajibu: wewe dereva, wewe karani, wewe wa ghala, tazama ukuta ulio mbele yako sasa. Uko msumari wa kalenda? Umepigwa wapi? Usiung'oe kwa mkono, na usiuguse. Ukiwa wima juu ya soketi au swichi, au ubavuni mwake sawasawa, mwite fundi azime umeme kwanza, ndipo atazame.

Yule kijana nilimtafuta baadaye, nikamwomba radhi. Alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma kando ya njia. Hakunitukana. Aliniambia, "Mzee, mimi nilikuuliza kwa macho." Mimi bado sijatimiza miaka 40, naye akaniita mzee kwa heshima. Heshima ile ilinichoma kuliko tusi.

Tangu siku hiyo msaidizi wangu akinitazama kwa macho ya kuuliza, huweka chini nilicho nacho mkononi, tukaenda kutazama pamoja, hata kama jua limekwisha tua. Naomba na ninyi mfanye hivyo. Na chama chetu kitupe nguvu ya kufanya hivyo bila kuogopa kukatwa mshahara, maana mtu mmoja akisimamisha kazi huitwa mvivu, lakini sote tukiisimamisha kwa sababu ya haki, huitwa utaratibu.

Wasalaam.

Ni mimi mwenzenu,
Fundi wa Umeme, Reli.